Kompyuta Iliyochomelewa Kitandani

Jumatatu, 3 Machi

Faili ya nne ya sauti leo. Mama mmoja wa ng'ambo analalamikia friji yake kwa dakika arobaini na moja. Mlango haufungi. Nimeandika kila neno, hata pale anapokohoa, kwa sababu kampuni inayonilipa inataka kikohozi nacho kiandikwe. Mgongo unauma. Masikio yamechoka na hedfoni.

Saa nane imeli ya kampuni ikaingia. Sheria mpya. Kila mtu anayewaandikia lazima afanye skani ya usalama kwa kompyuta yake. Programu yao inakagua kila kitu ndani, kutoka mwanzo hadi mwisho, halafu inatuma ripoti yenyewe. Lazima iwe kompyuta hii hii unayofanyia kazi, siyo ya jirani wala ya kukodi saiba. Mwisho ni Ijumaa ya wiki ijayo, saa kumi na moja jioni. Asiyetuma, akaunti yake inafungwa. Hawajasema kusimamishwa. Wamesema kufungwa.

Nikajiambia hiyo ni kitu kidogo. Nikabonyeza, nikatoka kwenda kuchota maji. Kurudi, skrini nyeusi. Mashine imezima. Nikaiwasha, ikawaka vizuri tu, kama haijafanya kitu. Nikaanzisha tena, safari hii nikakaa nikiikodolea macho. Asilimia thelathini na nane, tap! Giza.

Kesho nitajaribu tena. Leo nimetosheka na friji za watu.

Jumanne, 4 Machi

Mara tatu leo. Thelathini na nane, arobaini na moja, thelathini na sita.

Nilidhani ni stima. Ploti yetu hapa Kianda tuko vyumba kumi na mita moja, na mtu akichomeka koili ya kuchemsha maji, taa za wengine zinafifia. Kwa hivyo asubuhi nilipita mlango kwa mlango nikiomba watu wasichomeke kitu kwa saa moja. Mama Brayo, jirani wa ukuta kwa ukuta, akaniuliza nimekuwa landledi lini. Lakini wakakubali, Mungu awabariki. Taa yangu haikutingishika hata kidogo. Mashine ikazima palepale kwenye thelathini na sita.

Basi siyo stima.

Mercy wa Mashimoni, aliyekuwa anafanya kazi hii hii, alifungiwa akaunti mwaka jana, sababu ya kazi mbili zilizochelewa. Ameandika barua mpaka amechoka, hakuna aliyemjibu. Siku hizi anauza maji kwa kioski. Nilimkuta hapo leo nikipita. Akaniuliza kazi inaendaje, nikasema poa. Sikuweza kumwambia. Niliogopa tu, kama mtu akitaja ugonjwa.

Jumatano, 5 Machi

Sikujaribu skani. Faili sita. Kuandika haina shida yoyote, inaandika kutwa nzima bila kukohoa. Ni skani tu inayoiua. Sielewi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepata mshukiwa. Flashi ya Baba Faith, mume wangu.

Yeye ni fundi wa kuchomelea vyuma huko Gatina, Kawangware. Mageti, vitanda, madirisha. Ana flashi yenye picha za mageti yote aliyowahi kutengeneza, na jioni huja kuichomeka hapa ili atazame, apange ile atakayomwonyesha mteja. Flashi hiyo imezunguka kila saiba ya Kawangware. Imeokota kila takataka. Mimi nikaona hapo ndipo virusi viliingilia, na virusi haviwezi kupenda kukaguliwa, si ndiyo? Vinazima mashine kabla vishikwe.

Nilimwambia. Siyo kwa upole. Akasema flashi yake ni safi. Nikamuuliza usafi wa flashi anaujulia wapi, ameiosha na sabuni? Akanyamaza. Yeye akikasirika hunyamaza, na mimi nikikasirika huongea, kwa hivyo chumba kizima ni sauti yangu tu.

Niandike ukweli hapa, kwa sababu hakuna mwingine atakayesoma. Ninaogopa. Miaka mitatu nimefanya hii kazi. Kabla yake nilikuwa nafulia watu nguo kule maghorofani, na sasa magoti yangu hayawezi tena kuinama juu ya beseni. Akaunti ikifungwa, sina kwingine.

Jumamosi, 8 Machi

Jana na leo nimefuta. Nimefuta nyimbo za kwaya, nimefuta sinema, nimefuta picha za harusi ya shemeji. Nikachukua ile flashi nikaifuta yote, mageti yote, bila kumuuliza. Ilichukua dakika moja.

Nikaanzisha skani. Arobaini. Tap.

Jioni akachomeka flashi, akakuta haina kitu. Akaitoa. Akaishika kidogo mkononi, akaiweka mfukoni, akaenda kuoga. Afadhali angenigombeza.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani. Mchungaji alipoita wenye mahitaji, niliinua mkono. Sikusema kompyuta, nilisema kazi. Mahubiri sikuyasikia. Nilikuwa nahesabu siku. Tano.

Jumatatu, 10 Machi

Nimetembea mpaka Gatina kwa Odhiambo, fundi wa kompyuta. Kibanda chake hakiko mbali na kwa kina Baba Faith. Nikamweleza yote. Hakuuliza hata swali la pili. Akasema ni joto. Kuandika ni kazi nyepesi kwa mashine, ni mtu ameketi. Skani ni mtu anapanda mlima na gunia. Mashine inafanya kazi kwa nguvu zote, ndani kunapata moto, na ikishindwa kupumua inajizima yenyewe isiungue. Akasema nilete, aisafishe, kazi ya nusu saa.

Nikamwambia haiwezi kuletwa. Akauliza kwa nini. Nikamwambia imechomelewa kwa kitanda.

Wah. Alicheka mpaka akatafuta pa kukaa.

Siyo kichekesho. Mwaka juzi tulikuwa na laptopu. Tukaenda kanisani, tukarudi tukakuta mabati ya nyuma yamekatwa kama karatasi na laptopu haiko. Nililia wiki nzima. Tulipopata hii, ya mezani, mitumba ya ofisi, Baba Faith alisema hii hawataiona. Akatengeneza sanduku la chuma, akaingiza mashine ndani, akafunga sanduku kwa moto, halafu akalichomelea kwa mguu wa kitanda, ambacho pia ni cha chuma na pia alikitengeneza yeye. Kufuli alikataa, kufuli hukatwa. Mbele ameacha mwanya wa kubonyeza na wa kuingiza flashi. Skrini iko juu. Ploti nzima ilikuja kuangalia. "Wakitaka kompyuta, wabebe na kitanda," alikuwa anawaambia, na kifua mbele.

Nimerudi nyumbani, nikaanzisha skani, na ilipozima nikashika hilo sanduku. Nimeungua vidole. Kama sufuria ya ugali.

Basi ni sanduku. Niseme ukweli, nilifurahi. Nilifurahi kwamba mkosaji amepatikana na siyo mimi.

Jumanne, 11 Machi

Nilimwambia kabla ya chai. Kosa. Mtu huambiwa kitu kama hicho akiwa ameshiba.

Akasema sanduku lake halina shida. Nyuma alitoboa mashimo arobaini, moja moja, kwa drili ya kuazima, kusudi mashine ipate hewa. Nikasema mashimo yake hayana maana. Akasema sikumwona akiyatoboa. Nikasema sihitaji kuyaona, vidole vyangu vimeona. Halafu nikasema ile ambayo sikupaswa kusema: kwamba ameizika kompyuta yangu ikiwa hai, na kazi yangu pamoja nayo. Akavaa kofia, akatoka. Chai ikabaki kwa kikombe.

Saa sita nilimpigia Odhiambo kumuuliza kama kuna ujanja mwingine. Akanicheka tena. Akasema wale wachomeleaji wenzake na Baba Faith wameshasikia habari ya sanduku, na tangu asubuhi wanamwita Fundi Jeneza. Hata wateja wanasikia. Walisikia kwa nani? Kwa Odhiambo. Na Odhiambo alisikia kwa nani?

Aki nimechoka. Jioni alikuja, akala, akalala. Hakutaja Jeneza, na mimi sikutaja.

Jumatano, 12 Machi

Saa kumi na moja alfajiri, wakati mabati bado yana baridi. Feni ya kuazima ya Mama Brayo nimeielekeza kwa sanduku. Gunia lililoloweshwa juu, nimekamua vizuri maji yasidondoke. Mlango wazi, na mbu wote wa Kianda wakaingia.

Arobaini ikapita. Hamsini. Nikaanza kuomba kwa sauti. Sitini. Sabini, na nje kunapambazuka. Nilikuwa nimepiga magoti, yale magoti mabovu, nikipepea na kifuniko cha sufuria. Themanini. Themanini na tatu.

Tap.

Nililia. Siyo kilio cha machozi mawili, nililia kama mtu amefiwa, nikiwa nimeshika kifuniko. Siku mbili zimebaki, na hiyo ndiyo baridi yote niliyo nayo.

Baba Faith alikuwa ameketi kitandani muda wote huo, nyuma yangu, na sikuwa najua ameamka. Akanitazama. Akanywa chai ya jana, baridi. Akasema kesho nimwite Odhiambo, yeye ataleta grenda, mashine ya kukatia chuma, atakata.

Sikusema asante. Sijui kwa nini.

Alhamisi, 13 Machi

Niandike kwa mpango.

Baba Faith hakuenda kazini. Alikuja na grenda begani saa tatu. Odhiambo akafika na mfuko wake wa vifaa na maneno yake mengi. Tukafunika skrini na blanketi. Baba Faith akachomeka grenda, ikalia mara moja, na stima ya ploti nzima ikaenda. Fyuzi. Watu wakatoka wakipiga kelele. Mama Brayo alikuwa ameweka maji ya kuoga mtoto. Tukarudisha, akajaribu tena, ikaenda tena. Mara ya tatu majirani walisema wakiona hiyo grenda tena wataitupa mtaroni.

Basi akatuma msumeno wa mkono wa kukata chuma uazimwe, na akakata kwa mkono. Chuma alichokichomelea mwenyewe kisikatike. Kwa muda wa saa mbili na nusu, amelala ubavu chini ya kitanda, jasho linaingia machoni, blade mbili zikavunjika. Odhiambo alikaa kwa kiti akihadithia. Mimi nilishika tochi. Hatukuongea, mimi na mume wangu, isipokuwa leta mwangaza huku, rudisha.

Upande wa juu ukatoka. Odhiambo akainama mbele, akaanza kufungua skrubu. Baba Faith akapitisha mkono kule nyuma, upande wa ukutani, kwa mashimo yake. Mkono ukasimama. Akavuta kitu. Akavuta kingine. Vitambaa vya kijani, vimeviringishwa, vimeshindiliwa, kimoja kimoja kwa kila tundu.

Nikasogeza tochi karibu.

Ni mimi. Desemba. Panya walikuwa wanapitia nyuma ya kitanda, mmoja akatafuna waya wa kibodi, na mimi nikaona yale matundu nikasema hapa ndipo wanapoingilia kujificha. Nikachukua sketi yangu ya zamani ya kwaya, ya kijani, nikaikata vipande, nikashindilia kwa kisu cha mkate mpaka tundu la mwisho. Nilijisifu siku hiyo. Halafu nikasahau kabisa, Mungu ni shahidi. Wiki mbili nimelaumu stima, nimelaumu majirani, nimelaumu flashi, nimemlaumu huyu mtu, na haikunijia akilini hata mara moja.

Anaijua hiyo sketi. Miaka minane ameiona kila Jumapili.

Odhiambo akauliza, bado ameinama, kwani huku nyuma hakuna pa kupitia hewa? Baba Faith akafunga ngumi. Akaingiza kile kitambaa mfuko wa ovaroli. Akavuta vingine vyote, polepole, na vyote vikaenda mfukoni. Akasema, "Mashimo nilitoboa madogo. Ni makosa yangu."

Odhiambo akacheka, akasema hiyo lazima wasikie kule Gatina. Baba Faith akasema sawa.

Na mimi nikashika tochi. Nilikuwa na mdomo, nilikuwa na nafasi, na nilinyamaza. Mimi ninayeongea mpaka kuta zinachoka.

Odhiambo alisafisha feni, akatoa vumbi, akaweka dawa mpya ya kupoza, akaenda. Baba Faith alifagia vipande vya chuma. Jioni nilijaribu kuanza. Nikasema, "Baba Faith." Akasema amechoka, tutaongea siku nyingine. Bega lake la kulia haliinuki. Nimemkanda na mafuta, akaniachia nimkande.

Ijumaa, 14 Machi

Nilianza saa tatu asubuhi. Kompyuta iko uchi mezani, na mlango nimeufunga kwa ndani na komeo mbili.

Sikuinuka. Sikunywa chai. Thelathini na nane ikapita kama si kitu. Kwenye themanini na tatu nilifumba macho. Nilipofumbua ilikuwa themanini na sita. Nikashika pembeni mwa mashine. Vuguvugu tu, kama mkono wa mtoto.

Mia moja saa tano na dakika tano. Ripoti ikaenda yenyewe. Saa tisa imeli ikaja: wamepokea, hakuna tatizo, niendelee na kazi. Na faili mpya chini yake. Friji.

Nilimtumia Baba Faith ujumbe: imeisha. Akajibu: sawa.

Nilidhani leo ningeruka. Nimepika maharagwe, nimekaa. Kazi nimebaki nayo, na ninajisikia mwizi.

Jumamosi, 15 Machi

Sikufungua kompyuta. Niliamka nikapika mrenda na ugali, nikafunga kwa sahani na kitambaa, nikamwomba Mama Brayo aukalie mlango wangu. Nikatembea mpaka Gatina. Sijawahi kumpelekea chakula kazini. Yeye hula kwa kibanda.

Wako sita kwa ile laini ya mafundi, na vyuma vimeegemezwa kila mahali. Yeye alikuwa amechuchumaa kwa geti, barakoa ya moto usoni, anachomelea. Hakuniona. Wale wengine waliniona. Mmoja, kijana mrefu anayeitwa Kevo, akasema haiya, Mama Jeneza ameleta mazishi. Wakacheka. Odhiambo naye akachungulia kutoka kibandani kwake, akacheka.

Nikaweka sahani chini. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, yote yakatoroka. Nikasema tu kwa sauti, "Sanduku lilikuwa sawa. Alitoboa mashimo arobaini. Mimi ndiye niliyaziba na matambaa, sababu ya panya, halafu nikasahau, halafu nikamlaumu."

Wakacheka tena, lakini sasa wananicheka mimi. Kevo akauliza kama gari likipiga kelele huwa nalishindilia nguo kwa ekzosi, pale moshi unapotokea. Odhiambo akapiga makofi. Nikasimama hapo, wakanicheka mpaka wakatosheka, na mmoja mmoja wakarudi kwa kazi zao.

Baba Faith hakuwa amegeuka. Aliendelea kuchomelea, na mimi nikabaki nimesimama, nikiangalia ule moto wa bluu mkononi mwake, sijui nifanye nini tena. Mwishowe akauzima. Akainua barakoa. Akaniambia nisiangalie moto macho matupu, nitaumia usiku. Akavua miwani yake nyeusi iliyokuwa shingoni, akanipa, akanisogezea debe la rangi nilikalie.

Nikavaa. Akashusha barakoa, akawasha tena. Nilikaa hapo mpaka akamaliza bawaba ya chini, halafu tukala.